Vanga yetu na maji yanayoingia mlangoni

Mwezi uliopita nilishuka Vanga kumtazama shangazi yangu, na nikafika siku ya bamvua. Sikuwa nimehesabu mwezi. Nimekaa Mombasa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi mwezi nauhesabu Ramadhani tu. Ilipogonga saa kumi alasiri, maji yalikuwa yamekwisha kupita mikokoni, yamevuka njia, na yanaingia uani polepole bila kelele. Shangazi hakuinuka hata kwenye mkeka wake. Alikuwa ameshapandisha gunia la mchele juu ya kitanda, makaa juu ya kibaraza, na kuku wako juu ya meza jikoni wamefungwa miguu.

"Yatakaa kidogo, yatarudi," akaniambia. "Kaa hapo juu mwanangu, usitie miguu. Maji haya yamepita vyooni."

Ni hilo la vyoo lililonifanya niandike. Bahari kuingia mjini si habari mpya kwa mtu wa Vanga. Wazee wetu waliujenga mji mahali pa chini, umezungukwa na mikoko na tope, na kila mmoja alijua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa sana. Huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4. Jambo lililobadilika ni mahali yanapofikia na mara ngapi yanafika. Na mji wa leo si wa majumba machache ya makuti na mashimo mawili matatu. Una watu wengi, una vyoo vya shimo karibu na visima, una shule, una maduka. Maji yakiingia na kutoka, yanachukua kila kitu na kukigawa sawasawa kwa kila nyumba.

Sasa niulize: mji huu ni wa nani wa kuusimamia? Kabla hujanijibu kwa jina la kaunti, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana ukitazama Vanga leo bila kujua ilivyobanwa hapo ilipo, utadhani shida yake ni ukuta tu.

Watu wa Vanga wengi asili yao ni Vumba. Vumba Kuu ilikuwa mji wa jirani hapo hapo, wenye diwani wake na siwa yake, na ulipodhoofika watu wakasambaa, wengine Wasini, wengine Vanga. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Wasini na mzee wa Vanga wakikutana, wanazungumza Kivumba na sisi tuliokulia mijini tunabaki kutabasamu. Mwaka 1900 afisa wa Kiingereza, A. C. Hollis, alichapisha historia ya Vumba kama alivyosimuliwa na wenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia mji huu umeanzishwa na serikali. Ulikuwapo. Ulikuwa na biashara na Pemba, na Tanga, na bara ya Udigoni, na hakuna hata mmoja katika watu hao aliyejua kwamba siku moja atahitaji karatasi ili aende kumzika nduguye.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga mstari. Mwanzo wa mstari huo, kwa maneno ya mkataba wenyewe, ulikuwa kwenye mlango wa mto Umba, yaani kwetu. Kutoka hapo ukapanda mpaka Ziwa Jipe, ukapinda kando ya Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulibaki kwa jina la Sultani wa Zanzibar, lakini mwaka 1890 Wajerumani waliulipia upande wao marks milioni 4 na ukawa mali yao. Mwaka 1893 wakubwa walirekebisha tena, mpaka ukaanzia Ras Jimbo, na Vanga ikabaki kwa Mwingereza. Kwa hivyo sisi ni Wakenya kwa sababu ya mto na ras. Hakuna aliyeitwa barazani kuulizwa.

Mstari huo ulianza kutumika mara moja, na si kwa namna waliyoipanga waliouchora. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alipochoka kupigana na Waingereza, Aprili 1896 alivuka na watu wake akajisalimisha kwa Wajerumani kule Moa. Akamalizia maisha yake Dar es Salaam. Miaka kumi na tisa baadaye ikawa zamu ya wazungu wenyewe kuvuka. Januari 1915 majeshi ya Mjerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalipigana na Waingereza na askari wao wa Kihindi na Kiafrika pale Jasini, mwendo mfupi tu kutoka Vanga, na kikosi cha Mwingereza kikashindwa. Ukienda Jasini leo utakuta minazi. Watu wanaopita hapo wanafuata samaki na harusi.

Nayaeleza haya kwa sababu mpaka ule ungali unatula. Umesimama Vanga, simu inakukaribisha Tanzania bila wewe kuinua mguu, na inakukata salio la kule. Lakini ukitaka kwenda kihalali kumwona mjomba wako upande wa pili, ambaye siku ya anga nyeupe unaweza kuona moshi wa jiko lake, yakupasa upande juu hadi Lungalunga, ugonge muhuri pale kwenye kituo cha pamoja cha Lungalunga na Horohoro, kisha ushuke tena baharini upande wa kule. Mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki ulianza kazi Julai 2010. Mwenye lori la saruji ameuona faida yake. Mwenye mtumbwi bado.

Baharini ndiko kubaya zaidi. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wa bahari kwa barua za 1975 na 1976, na juu ya ramani ni mstari ulionyooka vizuri. Samaki hakusoma barua hizo. Mvuvi wa Vanga anayefuata jodari wakati wa kaskazi hana chombo cha kumwonyesha amefika wapi. Anatazama mlima, anatazama kisiwa, anatazama rangi ya maji. Akivuka akakamatwa, anapoteza mashine, nyavu, na siku zake, na huku nyumbani tajiri mwenye chombo anataka mali yake. Nimekaa na vijana waliopitiwa na hayo. Hakuna aliyeniambia kwamba alikwenda kuiba. Lakini pia, tusidanganyane, wapo wanaojua fika wako upande gani na wanatoka na nyavu ambazo kule ni haramu na hata hapa zina maneno. Kila mara tukiwatetea wote kwa sauti moja, tunawapa maafisa wa kule sababu ya kuwatia wote kapu moja.

Na upande wa pili wa shilingi ni Wapemba. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakija dago huku tangu kabla ya bendera zote hizi. Wengine walikaa, wakaoa, wakazaa, wakazikwa. Watoto wao waliishi Kwale na Kilifi vizazi na vizazi bila kitambulisho: huna kitambulisho huna leseni ya uvuvi, huna laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua hata akaunti ya chama. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba walingoja mpaka 2023, serikali ilipowatambua rasmi kuwa Wakenya, watu kiasi cha 7,000. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila kutambuliwa Nairobi ni jambo moja na kupigwa msasa na mtu aliyeketi nyuma ya meza ni jambo jingine, na kijana wa pwani mwenye jina la Kiislamu anayesema amezaliwa mpakani anajua maswali anayoulizwa. Ati babu yako alizikwa wapi! Vanga, bwana. Na bahari ikiendelea hivi, hata kaburi la kukuonyesha halitakuwapo.

Nirudi kwenye maji.

Kila mheshimiwa anayekuja kuomba kura Vanga anaahidi ukuta. Wenyeji wanataka ukuta, na siwalaumu, kwa maana ukuta unaonekana. Lakini Vanga inanyweshwa kutoka pande mbili. Mbele ni bahari. Nyuma ni mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara, Tanzania. Mvua kubwa ikinyesha Lushoto, wa kwanza kujua ni mkulima wa kule. Wa pili ni mtu wa Jego na Kiwegu na Vanga, anayeamka akakuta shamba lake la mpunga limekuwa ziwa. Ukijenga ukuta upande wa bahari na kusahau mto, umejenga beseni. Maji ya mto yatakuja, yatakuta ukuta, yatakaa ndani. Mimi si mhandisi. Lakini shangazi yangu pia si mhandisi na ndiye aliyeniambia hivyo, akionyesha kwa sufuria.

Ukuta wa kweli wa Vanga ni mikoko. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, kisha muia na mkandaa, na mchu kwenye tope lililoinuka. Mti mmoja mmoja una mahali pake na maji yake. Ndiyo sababu nakereka nikiona picha za wageni waliovalia fulana mpya wanapanda vitawi vya mkoko mahali palipotakiwa mchu, wanapigwa picha, wanaondoka, na baada ya kusi mbili hakuna kitu. Mikoko hufa pia kwa kuzikwa. Mvua za 1997 na 1998 zilishusha matope mengi yakafukia mizizi ya mikoko ya hori ya Mwache kule Mombasa, na eneo kubwa likakauka. Umba unaweza kutufanyia sisi vivyo hivyo ikiwa milima ya Usambara itaendelea kulimwa mpaka kileleni. Hili linahitaji Kwale na Tanga kuketi pamoja, na kwa ukweli sioni nani anayelifuatilia kwa bidii.

Katika mikoko hiyo kuna habari njema, na ni vizuri tuiseme kwa sababu tumezoea kulia. Gazi walianza mwaka 2013 na mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117 za mikoko zinalindwa na wenyeji, hesabu ya hewa ya kaboni inayozuiliwa humo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa nje, na fedha zinarudi kijijini. Gazi wamepata maji ya mfereji na vitabu vya shule kwa njia hiyo. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa mradi mkubwa zaidi wa hekta 460, wenyewe wakaunda chama chao cha msitu wakakiita Vajiki, kwa herufi za mwanzo za vijiji vitatu. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi waliwasaidia kupima. Kazi ya ulinzi ni yao. Ukimkuta kijana mikokoni leo ana panga, kuna mtu wa kijiji atakayemuuliza analikata nini.

Hapa ndipo nataka tutazame kwa makini. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, na hali hiyo haijabadilika. Sheria ya misitu ya 2016 inamruhusu mwananchi kushirikiana na shirika la misitu kuusimamia msitu, haimpi msitu. Kwa maneno mengine, babu zetu walikata boriti humo kwa karne kadhaa wakazipakia majahazini kwenda Arabuni, kisha wakaambiwa si yao, na sasa wajukuu wanaulinda kwa mkataba. Ni mkataba mzuri kuliko kutokuwa na chochote. Lakini mkataba una tarehe ya mwisho, na mwenye mali ndiye anayeamua kama utaongezwa.

Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi likaweka sharti kwamba mradi wa kaboni ulio juu ya ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Kanuni zake zikatoka 2024. Watu wengi wa pwani niliozungumza nao hawajasikia habari ya asilimia hizo. Makampuni yamesikia. Nchi nzima watu wanatafuta mahali pa kupanda au kulinda miti wauze hewa, na mikoko inahifadhi kaboni nyingi kwa eneo dogo kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Vanga na Gazi zilianza zikiwa ndogo na za wenyeji, ndiyo maana zinaaminika. Akija mkubwa na begi lake, atamtafuta nani atie sahihi? Mzee wa kijiji? Chama cha msitu? BMU ya wavuvi? Mheshimiwa diwani? Na kina mama wanaookota chaza na kaa mikokoni, ambao hakuna kamati inayowakumbuka, wao ni jamii au si jamii?

Swali hilo si la kubuni. Mama karanga wa Vanga, anayenunua samaki bandarini, akawakaanga na kuwauza, anategemea mambo mawili: samaki wapatikane na kuni zipatikane. Mikoko ikifungwa, samaki wataongezeka, kwa kuwa humo ndimo wanamokulia wadogo. Lakini kuni zake zitatoka wapi leo jioni? Mradi wa Vanga umepanda miti mingine ya kuni ili kupunguza mzigo huo, na hilo ni jambo la busara. Ila mti wa kuni unataka miaka, na mafuta ya kukaangia yanataka moto leo. Nilipomuuliza mmoja wao anaionaje biashara hii ya hewa, alicheka akasema, "Mie nauza papa na simsim wa kukaanga, wao wanauza pumzi. Mungu awape wateja." Sikujua kama ananitania.

Mawazo yangu, kwa hiyo, ni haya, na mwenye lake alete. Kabla ya ukuta, Vanga inahitaji vyoo visivyotegemea shimo. Inawezekana, vipo vya kuinuliwa juu ya ardhi vyenye tangi linalotolewa. Havina ufunguzi wenye utepe, labda ndiyo maana havijengwi. Vyoo hivyo vikiwapo, maji ya bamvua yatabaki kuwa usumbufu, hayatakuwa ugonjwa. Pili, fedha za kaboni zisomwe hadharani, msikitini baada ya Ijumaa na shuleni, kwa shilingi na si kwa dola, na wanawake wanaofanya kazi mikokoni wawe na viti vyao kwa jina. Najua wapo watakaosema namchokonoa jirani. Chama kinachofanya kazi vizuri hakina cha kuogopa kwa kusomewa hesabu zake.

La tatu ni la kuhama, na ni gumu kulisema. Kila bamvua kubwa, kuna anayenong'ona kwamba mji uhamie juu, upande wa Lungalunga. Kwa mtu wa ofisini ni wazo rahisi: chora viwanja, gawa, peleka lori. Lakini huku pwani tumeshaona mambo ya ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa watu wa ukanda wa maili kumi nafasi ya kudai ardhi zao, na asiyedai au asiyesikia tangazo aliamka akakuta ardhi yake ni ya serikali. Watu wengi wa pwani wanaitwa maskwota hadi leo kwa sababu ya mlango uliofungwa wakati ule. Ukimwambia mtu wa Vanga aache nyumba ya babu yake ahamie kiwanja kisicho na hati, atakuuliza: hicho kiwanja kitakuwa cha nani baada ya miaka kumi? Na hiki ninachokiacha, maji yakikitosha, nani atakichukua? Mpaka yajibiwe maswali hayo kwa karatasi yenye muhuri, hakuna mtu atakayehama kwa hiari, na mimi sitamshauri ahame.

Shangazi yangu hahami. Nilimwomba aje kwangu Mombasa mpaka kusi ipite, akanitazama kama niliyemtukana. Badala yake akanipeleka kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha kati, akanyanyua kanga iliyotundikwa. Nyuma yake kuna mistari ya mkaa, mingine imefifia. Kila bamvua linapoingia ndani ya nyumba hupiga mstari pale maji yalipofika. Mumewe ndiye aliyeanza, na alipofariki akaendelea yeye. Mistari ya chini imekaribiana. Ya juu, ya miaka ya karibuni, inapandana.

Vipimo rasmi vya kina cha bahari vya Kenya viko Mombasa na Lamu. Vanga kuna ukuta wa shangazi, na naamini zipo nyumba nyingine zenye alama kama hizo, juu ya mlango, juu ya nguzo ya msikiti, juu ya mnazi. Nimezipiga picha zake kwa ruhusa yake, pamoja na futi kutoka sakafuni. Nawaomba wenye alama majumbani mwao, Vanga na Jimbo, nao wazipime kabla ya kupaka chokaa ya Idi, waandike mwaka kama wanaukumbuka, na tuzipeleke pamoja kwenye kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kitakapoitishwa. Mstari wa mwisho wa shangazi, wa siku ile niliyokuwapo, uko vidole vitatu juu ya ule wa kabla yake.